Habari za Meli Iliyopigwa Ikiwa Chelezoni, na Shauri la Lori Letu



Kamati iliyosimamia kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu ilitutaka tuandike kurasa chache za historia ya nchi yetu ya ufukoni. Tulipokuwa bado twatafuta jambo la kuandika, palikuwa na shauri jingine mezani ambalo halikukusudiwa hata kidogo kuingia katika kijitabu, nalo ni shauri la lori letu. Kila mwanachama, tangu Ipinda hata Matema, alijua lori hilo kwa sauti yake kabla hajaliona, maana ndilo pekee tulilo nalo. Limechukua mpunga wetu na kakao yetu, limechukua mbolea na mabati ya ghala, na siku moja mbili limechukua wagonjwa na maharusi, ijapokuwa mambo hayo hayamo katika daftari. Sasa injini yake imechoka. Likiwa hapa bondeni huenda bila ya kunung'unika sana, lakini likishika mlima wa kwenda Tukuyu hutoa moshi wa buluu na kunywa oili kama mtu mwenye kiu ya homa. Fundi ametuambia waziwazi kwamba yapasa injini ishushwe na kufumuliwa, silinda zichongwe, krenki isuguliwe, beringi na ringi zitiwe mpya. Na kwa kuwa spea nyingine hazipatikani Mbeya ila kwa kungojea, tuhesabu wiki 6, na tukiwa na bahati mbaya wiki 8.

Wajumbe waligawanyika. Wengine walisema lifumuliwe kesho, kwa kuwa chombo kigonjwa hakichagui mahali pa kufia. Wengine walisema liendeshwe hivyo hivyo mpaka mpunga wote utoke mashambani, maana gunia lililo ghalani halimlipii mtoto ada ya shule. Maneno yalipokuwa yamepanda, mzee mmoja wa Kamati, ambaye hapendi kusema mara mbili, alisema, "Wanangu, kumbukeni meli ya Wadachi pale Liuli." Vijana walitazamana. Mmoja akauliza, "Tata, ni meli gani hiyo?" Wala hakuwa yeye peke yake asiyejua. Ndipo tulipoona kwamba tumekwisha kupata jambo la kuandika.

Meli yenyewe iliitwa Hermann von Wissmann, kwa jina la Mdachi yule aliyekuwa mashuhuri katika vita vya pwani na ambaye baadaye alikuwa Gavana wa nchi hii. Fedha za kuitengeneza zilikusanywa huko Ujerumani kwa michango na kwa bahati nasibu, na watu waliotoa fedha hizo waliambiwa kwamba meli itakuwa ya kuzuia biashara ya watumwa katika maziwa makuu. Mwanzo ilikusudiwa kwenda ziwa jingine; lakini kuchukua mabamba ya chuma na boila kwa vichwa vya wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka huko kulikuwa kazi isiyowezekana, basi njia ikageuzwa. Vipande vya meli vilipitishwa katika mto Zambezi, kisha katika mto Shire. Pale penye maporomoko ambapo chombo hakipiti, vilishushwa na kuchukuliwa na watu kwa nchi kavu, halafu vikaungwa juu ya maporomoko, na mwaka wa 1893 meli ikaelea na kuingia katika Ziwa Nyasa.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Meli hii ya Wadachi, iliyokuja kuitazama pwani ya Wadachi, ilipita mlango wa watu wengine. Mto Zambezi ulikuwa katika nchi ya Wareno, na mto Shire ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Ribiti moja ikivunjika, au bomba moja la boila likipasuka, kitu cha kuweka mahali pake kilikuwa na njia mbili tu: ama kipite huko huko kwa Wareno na Waingereza, ama kichukuliwe kwa miguu kutoka pwani, safari ya miezi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914, lakini Kigoma si Kyela, na hakuna reli iliyoligusa ziwa letu upande huu. Hivyo tangu siku ya kwanza meli hiyo ilikuwa katika hali ambayo sisi wa leo, wenye kungojea beringi kutoka mbali, twaielewa vema.

Ili tuone uzito wa mambo hayo, na tutazame meli jirani yake. Wamisheni wa UMCA walipoleta meli yao ya Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka wa 1901, ilikuja katika vipande zaidi ya 3,000. Boila lake tu lilikuwa na uzito wa tani 11, nalo halikuweza kukatwa. Liliwekwa juu ya magurudumu likavutwa na Wangoni wapatao 450, na mwendo wao ulikuwa kama maili 3 kwa siku. Mtu akifikiri juu ya watu hao na kamba zile mabegani mwao, hatashangaa kwamba wenye meli ziwani waliogopa sana neno "kufungua mtambo".

Wadachi walikaa kwanza penye kona ya kaskazini mashariki ya ziwa, chini ya milima ya Livingstone, katika kituo walichokiita Langenburg, kisha makao ya serikali yakahamishiwa juu, Tukuyu, yakaitwa Langenburg Mpya. Bandari yake ilikuwa Mwaya, katika bonde letu hili. Kutoka Mwaya ukienda kusini kwa maji unapita Matema, Ikombe kwa wafinyanzi, Lumbila, Lupingu, Manda, mpaka Liuli. Na mwenye kuijua pwani hiyo anajua kwamba mahali pengi mlima umeingia ziwani kwa mguu wake wote, hata pasibaki nafasi ya njia. Kwa vizazi vingi mtu wa Lumbila aliyetaka kumwona ndugu yake Matema alikuwa na shauri moja tu, nalo ni mtumbwi. Kwa serikali ya Wadachi shauri lilikuwa hilo hilo, ila wao mtumbwi wao ulikuwa wa chuma na moshi. Meli ilikula kuni zilizokatwa ufukoni. Ikachukua barua, askari, kodi, na wafanya biashara. Ilikuwa barabara yao, nayo ilikuwa moja.

Liuli wao waliiita Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, kwa ajili ya jiwe kubwa lililoko majini ambalo ukilitazama kwa upande hufanana na ile sanamu ya Misri yenye uso wa mtu na mwili wa simba. Jiwe hilo lingaliko. Ghuba yake imekingwa na upepo, na hapo ndipo walipoweka chelezo chao, yaani njia ya mteremko ya kuvutia chombo kutoka majini mpaka nchi kavu. Meli ya chuma ikikaa sana majini hushika kutu chini ya mstari wa maji, ribiti hulegea, na rafadha yataka kutazamwa. Wala mambo hayo hayafanyiki kwa kupiga mbizi. Lazima ivutwe juu. Na ikiisha kuvutwa juu si meli tena, ni nyumba ya chuma iliyo pwani.

Katikati ya mwaka wa 1914 Hermann von Wissmann ilivutwa juu ya chelezo cha Liuli kwa matengenezo. Twapenda kusema jambo la haki hapa, kwa kuwa wengi wakisimulia habari hizi humcheka nahodha wake, Kapteni Berndt, kana kwamba alikuwa mzembe. Sisi hatuoni uzembe wake. Alichagua kiangazi, mvua zilipokwisha na mafundi waliweza kufanya kazi nje. Alichagua miezi ambayo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kurundika mawimbi upande wetu wa kaskazini, miezi ambayo hata nahodha hodari hupenda kuwa bandarini. Ziwa hili si la mchezo katika majira hayo: ilikuwa tarehe 30 Julai 1946 meli mpya ya Vipya ilipozama katika dhoruba upande wa magharibi, ikafa na watu 145, nayo ilikuwa katika safari yake ya nne tu. Kwa kalenda ya ziwa, basi, Berndt alipanga vizuri. Kalenda iliyomponza ilikuwa nyingine, iliyokuwa ikiandikwa Ulaya, nayo haikufika Liuli.

Upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa na meli yao, Gwendolen, iliyokuwa kubwa kuliko ya Wadachi, na mkuu wake alikuwa Commander Rhoades. Mtu huyu alikuwa amelijua ziwa kama mwenye nyumba anavyojua chumba chake gizani, kwa kuwa yeye alikuwa miongoni mwa waliopima vina vyake na kuchora ramani yake. Tena alikuwa rafiki ya Berndt. Husimuliwa kwamba meli zao zilipokutana bandarini, wawili hao walikuwa wakiketi pamoja na kunywa, na kila mmoja alijua habari za chombo cha mwenzake. Kwa hiyo vita vilipotangazwa mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, na habari zikamfikia Gavana wa Nyasaland huko Zomba kwa waya wa simu, naye akamwamuru Rhoades aende akaiangamize meli ya Wadachi, Rhoades hakuhitaji kuitafuta ziwa zima. Alijua iko wapi. Alijua pia kwamba haiwezi kuondoka.

Asubuhi ya tarehe 13 Agosti 1914 Gwendolen ilitokea mbele ya ghuba ya Liuli. Watu wa ufukoni waliiona ikija, wala hawakushtuka, maana meli hiyo walikuwa wakiijua. Ikasimama mbali, karibu kilomita 2, ikaanza kupiga mzinga. Kombora la kwanza halikupata kitu, na mengine kadhaa yakaenda kombo vile vile. Hatimaye moja likaipata meli pale ilipokaa juu ya chelezo chake. Ndipo mashua ndogo ilipotoka ufukoni ikipigwa makasia kwa ghadhabu, na ndani yake alikuwamo Berndt, akipiga kelele kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Habari za vita alizipata hapo hapo, kutoka kinywani mwa mtu aliyempiga, na kwa habari hizo hizo akafanywa mfungwa. Waingereza wakaiharibu meli isiweze kwenda majini upesi, kisha wakaondoka.

Magazeti ya London yalitangaza mambo hayo kama ushindi wa majini. Hatuna haja ya kubishana na magazeti yaliyokwisha kuliwa na mchwa, ila twauliza tu kama yafaa kuitwa vita vya majini pale ambapo mmoja wa wapiganaji yuko nchi kavu, tumbo wazi, na ngazi za mafundi zimemwegemea.

Lakini matokeo yake hayakuwa ya kuchekesha, na hayo ndiyo yanayotuhusu sisi wa bonde hili. Siku ile moja iliamua nani atakuwa na barabara. Askari wa Waingereza walipakiwa katika meli kusini wakapelekwa mpaka Karonga bila ya hofu ya kukutana na mzinga wa adui njiani. Wadachi wa Langenburg Mpya nao walitaka kuipiga Karonga. Wakateremka kwa miguu, wakauvuka mto Songwe, na tarehe 9 Septemba 1914 wakapigana huko na kushindwa. Kila gunia la unga walilolihitaji, kila sanduku la risasi, na kila majeruhi aliyerudishwa nyuma, alichukuliwa na mabega ya watu. Mabega hayo yalikuwa ya nani, hatuna haja ya kueleza. Babu zetu wa pande zote mbili za Songwe walichukuliwa mashambani wakafanywa wapagazi, na vyakula vyao vikatolewa maghalani. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalipovuka na kuitwaa Langenburg Mpya, bandari ya Mwaya ikageuka kuwa mlango wa vyakula na silaha vya Waingereza, na kutoka Mwaya kwenda juu ni mabega tena. Katika vita vile vya Afrika ya Mashariki wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Hatusemi kwamba yote hayo yaliletwa na meli iliyokuwa chelezoni. Twasema kwamba chombo kikisimama mzigo hausimami nacho.

Na meli yenyewe je? Hapa pana jambo ambalo kwa mtu wa gereji lina maana kuliko mizinga. Kombora lile halikuiua. Matengenezo yangaliwezekana, na Waingereza walijua hivyo, maana walikuwa na wasiwasi kwamba Wadachi wataitia majini tena. Lakini siku zikapita. Ile njia ya mito miwili ilikuwa imefungwa, na pwani ilikuwa mbali. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli pamoja na askari, chini ya Luteni-Commander Dennistoun, wakaikuta ingali juu ya chelezo, wakaivunja kwa baruti. Kutoka tarehe 13 Agosti mpaka siku hiyo ni siku 290. Meli iliyovutwa juu kwa matengenezo ya majira moja ilikaa nchi kavu karibu miezi 10, na ilipopigwa mara ya pili ilikuwa bado yangoja.

Mwezi ule ule wa Agosti 1914 mambo ya namna hiyo yalitokea katika Ziwa Tanganyika, ila huko aliyekutwa ni mwingine. Wabelgiji walikuwa na meli moja tu ya maana, Alexandre Delcommune, nayo ilikuwa ufukoni kwao pale Wadachi walipoijia tarehe 22 Agosti na kuipiga. Siku 9 tu baada ya Liuli! Aliyelia huku alicheka kule. Wadachi wa Kigoma, kwa kuwa walikuwa na vyombo zaidi ya kimoja, walilitawala ziwa lile zaidi ya mwaka mzima.

Tena kuna habari ya meli yao kubwa ya Graf von Götzen, ambayo hatuwezi kuiacha, hasa kwa ajili ya mafundi wanaosoma kijitabu hiki. Walipoona hawana budi kuiacha Kigoma, mwezi wa Julai 1916, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe; lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene, kila kiungo, kana kwamba waifunga sandukuni. Meli ikalala majini miaka. Mwaka wa 1924 Waingereza wakaiinua, na injini zile zikaonekana zafaa. Mwaka wa 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina ambalo limechukua abiria wa Kigoma na Kasanga kwa vizazi. Mtu anayekwenda kukizamisha chombo chake na bado anakifikiria fundi atakayekifungua baada yake, huyo alikuwa fundi kweli kweli, tusijali bendera yake.

Hermann von Wissmann nayo haikuishia Liuli. Mwaka wa 1918 ilitengenezwa ikaelea tena, ikapewa jina la King George V, ikawatumikia wale wale walioivunja. Hivyo matengenezo yalimalizika, kwa kuchelewa kwa miaka 4, na kwa faida ya mtu mwingine.

Ziwa letu limeona meli nyingi tangu hapo. Wengi wetu tumesafiri katika MV Songea na MV Iringa, tukalala juu ya magunia ya dagaa na kuamshwa na king'ora Lupingu usiku wa manane. Tangu mwaka wa 2021 MV Mbeya II nayo imeingia kazini. Watu wa pwani ya Ukinga hawahitaji kitabu kuwafundisha maana ya meli kupandishwa chelezoni. Wanajua kwa bei ya chumvi. Wanajua kwa mama mjamzito anayetiwa katika mtumbwi alfajiri kabla upepo haujaamka. Vyungu vya Ikombe vyenyewe, ambavyo tumevinunua gulioni Lyulilo tangu utoto wetu, huja kwa mtumbwi meli ikiwapo na meli isipokuwapo, na labda ndiyo sababu vyungu hivyo havijawahi kukosekana sokoni.

Baada ya kusimuliwa habari hizi, wajumbe walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kubishana tena; wala asidhani mtu kwamba historia ilimaliza ugomvi wetu. Ila namna ya kubishana ilibadilika. Hapo kwanza tuliulizana, "Lifumuliwe au lisifumuliwe?" Sasa maswali yakawa, "Nani atachukua mzigo katika wiki hizo?" na, "Tutafungua kabla ya spea kuwa mkononi, au baada?"

Swali la pili lilitupa taabu, maana fundi alitueleza jambo ambalo wengi hatukulijua: beringi za krenki haziwezi kununuliwa mapema kwa kubahatisha. Krenki ikisuguliwa hupungua unene, na beringi lazima ziwe za kipimo kile kipya. Kwa hiyo asiyepima hajui anunue zipi. Kumbe hivyo ndivyo malori mengi yanavyokaa juu ya magogo mwezi baada ya mwezi, nyasi zikiota katikati ya magurudumu: yamefunguliwa kwanza, kisha ndipo watu walipoanza kuuliza bei. Tulikubaliana kwamba fundi ashushe sampo siku ya Jumapili, lori likiwa halina kazi, afungue kifuniko kimoja kimoja, apime, arudishe, na Jumatatu lori liende kazini kama kawaida. Akiisha kupata vipimo, spea zote zinunuliwe na kufungiwa katika ghala la Chama, ufunguo ukae kwa mweka hazina. Siku ya kushusha injini isitajwe mpaka boksi la mwisho limehesabiwa. Mjumbe mmoja alisema huko ni kufunga fedha bure. Huenda ni kweli; lakini fedha iliyofungwa ghalani twaweza kuiona.

Majira tuliyochagua ni Septemba na Oktoba, mpunga ukiwa umekwisha kutoka na mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza. Kakao hainyamazi mwaka mzima, kwa hiyo mzigo wake tumeutafutia njia: chama jirani kimekubali kutukodisha lori lao siku 2 katika kila wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa maandishi na si kwa mdomo, na trekta la mwanachama mmoja wa Ipinda litakusanya magunia ya karibu. Gharama yake ni kubwa kuliko tulivyopenda. Mwenyekiti alipoisoma, pakawa na kimya, halafu yule mzee akauliza kama kuna mtu aliye tayari kuchukua gunia lake kichwani mpaka Tukuyu. Hakuna aliyejibu, na kura ikapigwa.

Limebaki jambo moja. Wanachama wa Matema wameuliza mzigo wao utakaa wapi kati ya Jumanne na Ijumaa, kwa kuwa ghala lao lina mabati mawili yaliyoinuliwa na upepo wa mwezi wa Julai, na kakao ikilowa haina mnunuzi. Mabati yapo, ila yako Kyela mjini, na cha kuyapeleka Matema ni lori hilo hilo. Mwenyekiti wa ujenzi ameombwa kuyapeleka kabla ya Jumapili ile ya kushusha sampo, naye amesema atajaribu. Mpaka kijitabu hiki kinapelekwa kupigwa chapa mabati yalikuwa hayajaondoka.